Tathmini ya ubora wa maua ya okidi

Tathmini ya ubora wa maua ya okidi ni kazi ya kuchunguza na kupima maua ya okidi yaliyochanua ili kuamua kama yanastahili tuzo. Hufanywa na jopo la waamuzi waliopata mafunzo, kwenye maonyesho au katika vikao maalumu vya vyama vya wakuzaji. Swali wanalojiuliza waamuzi si kama ua ni zuri, kwa maana karibu kila okidi ni nzuri machoni pa mtu. Wanajiuliza ua hili ni bora kiasi gani likilinganishwa na maua mengine ya aina yake yaliyowahi kuonekana.

Mifumo inayofuatwa zaidi duniani ni ya Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza (RHS) na Chama cha Okidi cha Marekani (AOS). Kwa Afrika Mashariki, Chama cha Okidi cha Kenya huandaa maonyesho jijini Nairobi. Okidi kadhaa za mwituni za Tanzania, Kenya na Uganda hukuzwa na kushindanishwa katika nchi za mbali.

Sehemu za ua zinazochunguzwa

Okidi ni familia kubwa ya mimea (Orchidaceae) yenye spishi zipatazo 28,000. Vanila inayolimwa mkoani Kagera na nchini Uganda ni mmojawapo. Nyingi za nchi za joto huota juu ya matawi ya miti bila kuunyonya mti. Nyingine huota ardhini.

Ua la okidi lina sehemu sita zinazoonekana kwa urahisi. Sepali tatu ziko nje: moja juu na mbili pembeni. Petali tatu ziko ndani: mbili zinafanana, na ya tatu ina umbo la pekee, nayo huitwa mdomo. Mdomo ndio kituo cha kutua mdudu anayechavusha. Katikati ya ua pana nguzo, ambayo ni kiungo kimoja kilichounganisha sehemu za kiume na za kike. Katika spishi nyingi za Afrika mdomo una pia mkia mwembamba ulio wazi ndani, ambamo nekta hukusanyika.

Mtu asiyezijua sehemu hizi hawezi kutathmini okidi, kwa sababu alama hutolewa kwa sepali, petali na mdomo kila kimoja peke yake, kisha kwa ua zima.

Historia

Okidi ya kwanza ya chotara iliyotengenezwa na binadamu ilichanua Uingereza mwaka 1856. Ilitokana na kazi ya John Dominy katika kitalu cha Veitch, nayo ikaitwa Calanthe Dominyi. Baada ya hapo machotara yaliongezeka haraka, na kila mkuzaji alidai kwamba lake ndilo bora. Ikahitajika njia ya kuamua bila upendeleo.

Mwaka 1889 RHS iliunda Kamati ya Okidi. Tangu mwaka 1897 maua yaliyopata tuzo yalichorwa kwa rangi ili yawe kumbukumbu ya kulinganishia. Mchoraji wa kwanza alikuwa Nellie Roberts, aliyeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 50. Picha hizo zilikuwa na umuhimu mkubwa: ua hunyauka baada ya siku au wiki chache, lakini mwamuzi wa miaka iliyofuata aliweza kuona kiwango kilichofikiwa kabla yake.

AOS ilianzishwa mwaka 1921, na baadaye ikajenga mfumo wake wa kutoa alama. Tangu mwaka 1961 RHS ndiyo inayosimamia orodha ya kimataifa ya machotara ya okidi.

Waamuzi na kikao chao

Katika mfumo wa AOS mtu huanza kama mwanafunzi, akahudhuria vikao kwa miaka kadhaa chini ya uangalizi wa waamuzi wazoefu kabla ya kuidhinishwa. Hujifunza majina ya jenasi na spishi, nasaba za machotara na kumbukumbu za tuzo zilizopita. Kazi hii ni ya kujitolea.

Kikao huwa na hatua zifuatazo:

1. Mmea huwekwa mezani ukiwa na jina lake. Jina la mwenye mmea halitajwi, na mwamuzi hashiriki kuutolea alama mmea wake mwenyewe.
2. Jopo huhakikisha kwamba mmea unafanana na jina lililoandikwa. Spishi ikitajwa vibaya, ulinganisho wote unakuwa batili.
3. Waamuzi hutafuta kumbukumbu: maua ya aina hiyo yaliyopata tuzo yalikuwa na upana gani, rangi gani, na mangapi kwenye shada moja? Kwa chotara huangaliwa pia wazazi wake.
4. Ua huchunguzwa kwa karibu. Lililoliwa na wadudu, lililoanza kunyauka au lililokunjamana hupoteza alama au hukataliwa.
5. Kila mwamuzi huandika alama zake peke yake. Kisha hujumlishwa na kutafutwa wastani. Alama zikipishana mno, jopo hujadiliana.
6. Ua likipata tuzo hupimwa kwa sentimita, hupigwa picha na huandikiwa maelezo ya kuhifadhiwa.

RHS hufuata njia tofauti kidogo. Kamati yake huujadili mmea na kufikia uamuzi kwa kura badala ya kujumlisha alama.

Vigezo

Umbo
Ua linatakiwa kuwa na ulinganifu, yaani upande wa kulia ufanane na wa kushoto. Sehemu zake zisijikunje nyuma wala kujipinda pasipo kawaida ya aina hiyo. Kwa machotara ya Phalaenopsis na Cattleya, waamuzi hupenda ua lililojaa, ambalo petali zake pana huziba nafasi kati ya sepali hata ua likaribie duara. Kipimo hicho hakifai kwa kila okidi. Angraecum nyingi zina umbo la nyota, na kuzidai ziwe duara ni kuzihukumu kwa sheria ya wengine.

Rangi
Huangaliwa usafi wa rangi, ung'avu wake na namna ilivyosambaa. Madoa au mistari ikiwepo, inatakiwa iwe na mpangilio na itofautiane wazi na rangi ya chini. Ua jeupe linatakiwa liwe jeupe kweli, isipokuwa kama kijani au krimu ni ya asili ya aina hiyo.

Ukubwa
Ukubwa hupimwa kwa kulinganisha na aina yenyewe. Ua la sentimita 3 linaweza kupata alama nyingi za ukubwa kama spishi yake kwa kawaida hutoa maua madogo zaidi, na ua la sentimita 12 likapata chache kama wazazi wake wote walikuwa na maua makubwa kulishinda.

Uimara na uso wa ua
Uimara ni unene wa nyama ya petali na sepali. Ua lenye nyama nene hukaa wima na hudumu. Uso wa ua waweza kung'aa kama nta, kumetameta kama fuwele au kuwa laini kama mahameli, kulingana na aina.

Shada na wingi wa maua
Maua yanatakiwa kupangika vizuri kwenye shada bila kusongamana wala kugeukia pande ovyo. Kikonyo kiwe na nguvu ya kuyabeba. Idadi ya maua hulinganishwa na kawaida ya aina hiyo.

Mizani ya alama

Mizani ya jumla ya AOS ina alama 100, zilizogawanywa hivi:

- Umbo la ua: 30 (umbo la jumla 15, sepali 5, petali 5, mdomo 5)
- Rangi ya ua: 30 (rangi ya jumla 15, sepali 5, petali 5, mdomo 5)
- Ukubwa wa ua: 10
- Uimara na uso wa ua: 10
- Mpangilio wa shada: 10
- Wingi wa maua: 10

Baadhi ya jenasi zina mizani yake yenye mgawanyo tofauti.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Mwamuzi wa kwanza ametoa 25 kwa umbo, 25 kwa rangi, 7 kwa ukubwa, 8 kwa uimara, 8 kwa shada na 8 kwa wingi wa maua. Jumla yake ni 81. Mwamuzi wa pili amepata jumla ya 80 na wa tatu 82. Wastani wa 81, 80 na 82 ni 81. Ua hilo litapata tuzo ya ngazi ya pili, kama inavyoelezwa hapa chini.

Mfano unaonyesha pia kwamba umbo na rangi hubeba alama 60 kati ya 100. Ua lenye kasoro kubwa ya umbo haliwezi kuokolewa na ukubwa wake.

Aina za tuzo

Tuzo za ubora wa ua

Katika mfumo wa AOS kuna ngazi tatu:

- HCC, cheti cha pongezi za juu: alama 75 hadi 79
- AM, tuzo ya ustahili: alama 80 hadi 89
- FCC, cheti cha daraja la kwanza: alama 90 na zaidi

RHS nayo hutumia vifupisho AM na FCC. Kwa hiyo kifupisho cha tuzo hufuatwa na cha chama kilichoitoa, kwa mfano AM/AOS au AM/RHS.

Tuzo nyingine

Si kila mmea unaofaa kutambuliwa hupimwa kwa mizani ya ubora. Cheti cha ustadi wa ukuzaji (CCM) hupewa mkuzaji kwa afya ya mmea mzima na wingi wa maua yake. Cheti cha utambuzi wa kibotania (CBR) hutolewa kwa spishi adimu au ngeni yenye thamani ya elimu. Cheti kingine (CHM) ni cha spishi zenye mvuto wa pekee kwa bustani. Pongezi za waamuzi (JC) hutolewa kwa sifa ya pekee ambayo mizani haiwezi kuipima.

Jina la mmea uliopata tuzo

Tuzo ya ubora haiwi ya spishi nzima wala ya chotara lote. Ni ya mmea mmoja na vipande vilivyogawanywa kutoka kwake. Mmea huo hupewa jina la pekee linaloandikwa ndani ya alama za mkato mmoja, likifuatwa na kifupisho cha tuzo. Miche iliyotokana na mbegu zake hairithi tuzo hiyo, kama vile mtoto wa mwalimu asivyorithi cheti cha mzazi wake.

Jambo hili lina uzito sokoni. Kipande cha mmea wenye tuzo huuzwa kwa bei ya juu kuliko ndugu zake wasio na tuzo, na wauzaji wasio waaminifu huweza kuandika jina la tuzo kwenye miche isiyostahili.

Okidi za Afrika Mashariki mbele ya waamuzi

Okidi nyingi za Afrika Mashariki zinazokuzwa kwa maonyesho ziko katika kundi la Angraecum na jamaa zake, kama vile Aerangis. Maua yao kwa kawaida ni meupe, krimu au ya kijani hafifu, yana mkia mrefu wa nekta na hutoa harufu nzuri usiku. Sifa hizo zote ni za kumvuta nondo anayeruka gizani.

Mfano maarufu ni wa Angraecum sesquipedale ya Madagaska, yenye mkia wa nekta wa karibu sentimita 30. Mwaka 1862 Charles Darwin aliandika kwamba lazima yupo nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Nondo wa namna hiyo alielezwa kisayansi mwaka 1903, Darwin akiwa ameshafariki.

Hapo ndipo mizani inapokutana na ugumu. Vikao vya waamuzi hufanyika mchana, na mizani ya jumla haina alama za harufu. Mkia wa nekta nao hauna alama zake, ingawa mkia uliopinda au kukatika huharibu sura ya ua zima. Baadhi ya maonyesho hutoa zawadi ya pembeni kwa okidi yenye harufu bora, lakini hiyo si tuzo ya ubora wa ua.

Angraecum giryamae, iliyopewa jina la Wagiriama, huota pwani ya Kenya na Tanzania. Okidi nyingi hupinda kikonyo cha ua hata mdomo ukawa chini, lakini katika hii mdomo mweupe huwa juu. Mwamuzi asiyeifahamu anaweza kudhani ua limekaa kichwa chini na kulipunguzia alama, kumbe ndivyo lilivyo kwa asili.

Aerangis luteoalba aina ya rhodosticta hupatikana Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine za Afrika. Maua yake ya krimu hujipanga katika safu mbili bapa, na kila ua lina nguzo nyekundu katikati. Kwa okidi hii mpangilio wa shada na uwekundu wa nguzo ndivyo vinavyotazamwa kwanza.

Ansellia africana huitwa okidi chui kwa sababu ya madoa yake ya kahawia juu ya manjano. Imeenea katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Mimea yake hutofautiana sana: mingine ina manjano karibu tupu, mingine imejaa madoa meusi. Mwamuzi hatakiwi kuchagua namna moja na kuikataa nyingine. Huangalia kama madoa yana mpangilio na mpaka ulio wazi, na kama shada limesimama vyema.

Shinyanga na Geita

Mikoa ya Shinyanga na Geita inajulikana zaidi kwa almasi ya Mwadui, dhahabu na pamba, na wakazi wake wamezoea upangaji wa madaraja. Pamba huwekwa daraja kwa usafi wake. Dhahabu na almasi hupimwa kwa vifaa: usafi wa dhahabu waweza kujulikana kwa maabara, na uzito wa almasi kwa mizani. Ua la okidi halina maabara ya namna hiyo. Kipimo chake ni macho yaliyofundishwa pamoja na kumbukumbu zilizoandikwa vizuri.

Ndani ya Mkoa wa Geita kuna Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo katika Ziwa Viktoria, iliyotangazwa mwaka 1977. Kisiwa hicho chenye msitu mnene hutajwa kuwa na spishi za okidi zipatazo 40. Kuchuma mimea ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa.

Nje ya hifadhi, okidi za juu ya miti hutegemea miti iliyokomaa. Mti ukikatwa kwa ajili ya mkaa, shamba au magogo ya kuegemeza kuta za mashimo ya wachimbaji (matimba), okidi zilizo juu yake huanguka pamoja nao. Mkoani Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulisaidia kurudisha miti kwa njia ya ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa na kulindwa kwa desturi ya Wasukuma. Kichaka huweza kurudi kwa miaka michache, lakini tawi nene lenye gome kuukuu la kushikilia okidi huhitaji muda mrefu zaidi.

Tuzo na uhifadhi

Mmea bora kuliko wenzake unaweza kutafutwa kwa njia mbili: kupanda mbegu nyingi na kuchagua mche mmoja, au kupita mwituni na kung'oa mimea mingi. Njia ya pili imeumiza spishi kadhaa. Ansellia africana imewekwa na shirika la IUCN katika kundi la spishi zilizo hatarini kudhurika, na ung'oaji kwa ajili ya biashara ni mojawapo ya sababu.

Tanzania pia inakabiliwa na uchimbaji wa viazi vya okidi za ardhini katika Nyanda za Juu Kusini. Viazi hivyo husafirishwa hadi Zambia kutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, inajulikana hasa kwa kulinda maua, zikiwemo okidi hizo.

Biashara ya kimataifa ya okidi inaongozwa na mkataba wa CITES. Familia yote imo katika viambatisho vyake, nyingi zikiwa katika Kiambatisho cha Pili, hivyo kuzisafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali. Kwa okidi za kiambatisho hicho, miche iliyooteshwa kwenye chupa za maabara husamehewa sharti hilo, jambo linalowapa wakuzaji sababu ya kutumia mbegu badala ya mimea ya porini.

Ukosoaji

Wakosoaji husema kwamba mifumo hii inapendelea maua makubwa na ya duara, na kwamba kwa kufuata tuzo wakuzaji wamefanya machotara mengi yafanane. Wengine hueleza kwamba kumbukumbu za kulinganishia ni nyingi kwa okidi za biashara kama Phalaenopsis, lakini ni chache kwa spishi ndogo za Afrika. Jopo lisilo na kumbukumbu hukosa kipimo: laweza kutoa alama nyingi kwa ua la kawaida kwa sababu ya ugeni wake, au chache kwa ua bora kwa kutolijua.

Dawa ya upungufu huo ni taarifa kutoka mahali spishi zinapoota. Vipimo vya maua, idadi yake kwenye shada, tofauti za rangi na picha vinaweza kukusanywa bila kung'oa mmea. Kazi ya namna hiyo ilifanywa kwa kiasi kikubwa na Joyce Stewart, mtaalamu aliyeishi Kenya, ambaye kitabu chake kuhusu okidi za Kenya kilitoka mwaka 1996. Kwa maeneo kama Rubondo na misitu ya miombo ya Geita, rula, kamera na daftari vinatosha kuanzia.

Tazama pia

- Okidi
- Vanila
- Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo
- Hifadhi ya Taifa ya Kitulo
- Ngitili
- CITES